Chupa za Maji Moto

Eldoret si mji wa kufugia samaki wa nchi za joto. Asubuhi za Julai pumzi hutoka mdomoni kama moshi, na maji ya ndoo iliyolala nje huuma vidole mpaka kwenye mfupa. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa boila, mtambo wa kuchemshia maji ya mvuke, katika kiwanda cha nguo, na mtu wa boila hudhani kwamba baridi ni kitu cha kurekebishwa tu, kama bomba linalovuja.

Aliwapata kwa fundi mmoja Mhindi wa mitambo aliyekuwa anahama. Alikuja nao nyumbani ndani ya chupa ya jamu, wachache, wembamba kama njiti za kiberiti. Madume walikuwa na mikia ya rangi, kama vile vipande vya vitambaa alivyotuletea kutoka kiwandani tuchezee. Aliwaita gapi, kwa sababu yule fundi aliwaita hivyo. Akachomelea fremu ya chuma, akakata vioo vya dirisha, akaziba kwa pati ya kushikizia vioo, akaweka tangi juu ya kopo kubwa la mafuta lililokatwa ubavu. Ndani ya kopo balbu iliwaka mchana na usiku.

"Samaki hajui kama hapa ni Eldoret," alisema. "Anajua maji tu."

Mama alikuwa akimcheka. "Wenzako wananunua ng'ombe, wewe unanunua viluwiluwi."

"Ng'ombe atalala wapi? Upande wako wa kitanda?"

Mama alikufa muda mfupi baada ya kumzaa kitinda mimba wetu. Baba alifuata mwaka wa pili wa utawala wa Nyayo, kwa ugonjwa wa kifua. Tukabaki wanne: mimi niliyekuwa Form Two, ndugu yangu anayenifuata, dada yetu mdogo, na kitinda mimba, ambaye alikuwa bado anashika ukuta akishuka ngazi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na nyumba ya kampuni huenda na kazi. Tuliambiwa kwa adabu tuondoke mwisho wa mwezi.

Baada ya mazishi watu wazima walikaa sebuleni kwetu. Mkubwa wao alikuwa kaka yake baba, aliyekuwa na shamba la viazi na kondoo kule Timboroa. Sisi tumetoka Mkoa wa Kati, na wazee wa rika lake hawakula samaki. Kwao samaki alikuwa nduguye nyoka, aliyekosa tu ardhi ya kutambalia. Alisimama mbele ya tangi, kofia mkononi.

"Hawa wanaliwa?"

"Hapana, Baba."

"Sasa kama hawaliwi, wanafanya nini ndani ya nyumba?"

"Wanaangaliwa tu."

Shangazi aliyekuja kutoka Nyeri akapiga makofi mara moja. "Nyumba imetoa maiti mbili, na nyoka wa maji wanaangaliwa tu!"

Kisha wakaanza kutugawa. Hawakugombana. Waliongea polepole, kwa huruma, na huruma yao ndiyo iliyonitisha. Anayenifuata angekwenda Timboroa kuchunga kondoo. Dada yetu angekwenda Nyeri na shangazi. Kitinda mimba angechukuliwa na mdogo wake mama, aliyekuwa ameolewa Turbo. Mimi wangenitafutia mtu wa kunioa.

Nikasema, "Nipeni mpaka mahindi yavunwe. Nitawalea mimi."

"Wewe ni mtoto," baba mkubwa akasema.

"Mtoto ni yule anayesoma. Mimi nimeacha shule jana."

Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Baba mkubwa alizungusha kofia yake kwa vidole. "Haya. Mpaka mahindi yavunwe. Lakini mama, nikija nikute wamenona kuliko leo. Nikikuta wamekonda, usinililie."

Tulihamia Langas, chumba kimoja cha udongo na bati. Tangi lilikwenda kwa mkokoteni, tupu, limeviringishwa blanketi. Samaki walikwenda ndani ya mkebe wa maziwa, na anayenifuata aliubeba chini ya sweta, umekazwa tumboni, akitembea kama mjamzito. Watoto wa Langas walitufuata wakiuliza ni mzigo wa nani. Akawajibu kwamba mwenyewe amekataa kuoa. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayokumbuka sote wanne tukicheka kwa pamoja.

Langas kwetu hakukuwa na stima. Balbu ya baba ilikuwa imekwisha kazi yake. Nikatafuta chupa za sharubati, nikazijaza maji moto, nikaziziba kwa magunzi ya mahindi yaliyochongwa, nikazisimamisha ndani ya tangi kwenye pembe. Chupa ikipoa inatolewa, nyingine inaingia. Ikitoka ikiwa vuguvugu haikumwagwa. Ilikwenda kitandani, miguuni pa watoto. Mtu angeniona nimepagawa, kuwapa samaki moto wa kwanza na ndugu zangu moto wa pili. Lakini samaki ndio waliotupa unga.

Kitinda mimba alikuwa na kazi yake. Alitia mkono majini mpaka kwapani, akashika chupa, akatangaza: "Imekufa!" Maana yake imepoa. Akishika iliyo moto alisema, "Hii bado." Hakukosea hata mara moja. Alikuwa akifanya kazi hiyo hata kabla ya kunywa uji, tumbo wazi, mkono ukimdondokea maji.

Nilifulia watu nguo, na pale penye pengo samaki walijaza. Kulikuwa na mzee mmoja Msomali mwenye duka la nguo mjini. Nilimpelekea gapi kwenye chupa, akawaweka ndani ya tangi karibu na mlango, na watu wakaanza kuingia kuangalia.

"Wallahi samaki yako mzuri kuliko mteja," aliniambia. "Hapana uliza bei, hapana sema ghali, hapana jaribu suruali halafu enda."

Alinilipa kwa unga, sukari na mafuta, na mara moja kwa blanketi lililochanika pembeni. Baadaye mama mmoja wa Kihindi akataka, na mwenye baa mmoja, na mwalimu mmoja. Nilianza kuamini kwamba mahindi yatavunwa na sisi tukiwepo.

Gapi hataki kufundishwa kuzaa. Jike hubeba doa jeusi karibu na mkia, na doa likipanuka unajua siku zimefika. Anazaa watoto walio hai, wadogo kama koma kwenye karatasi, macho matupu na uzi wa mwili. Kisha anageuka na kuwala.

Dada yetu alikuwa wa kwanza kuona. Alipiga kelele nikadhani ameungua.

"Mama yao anawakula!"

"Hajui kama ni wake."

"Si amewazaa sasa hivi?"

Nikaanza kuwatenga. Nilikuwa na kipande cha kioo kilichobaki kwa baba. Nilikisimamisha katikati ya tangi kwa pati, wakubwa upande huu na watoto upande ule, na majani ya majini niliyoyatoa mto Sosiani yakiwa maficho yao. Nikiona jike amekaribia kuzaa, nilikaa hapo na kichujio cha chai, nikiteka kila mtoto anapotoka. Pale pembeni niliacha ufa mwembamba usiopitisha samaki, ili joto la chupa lipite pande zote mbili. Jioni, koroboi ikiwa nyuma ya tangi, uliwaona mama na watoto wakiangaliana kupitia kioo.

Kosa langu sikuliona wakati nikilifanya. Nilikuwa nawauzia watu dume na jike. Niliona vibaya kumpa mtu madume matupu; mkia mzuri bila mwenzake, ni kama kumuuzia mtu kiatu kimoja. Baba hakuwahi kuuza samaki, kwa hiyo hakuwa amenifundisha. Mwezi wa Agosti nilimpelekea yule mzee chupa nyingine, akaniangalia kwa masikitiko ya kweli.

"Dada, ile ya kwanza imezaa. Ile imezaliwa pia imezaa. Kijana wangu ametoa moja kwa baa, ingine kwa Mhindi. Sasa mimi ndio nauzia wewe." Akajaribu kucheka, akaacha. Akanifungia sukari kidogo bila kuchukua samaki, na nikaipokea.

Hivyo ndivyo soko langu lilivyokufa, kwa sababu samaki wangu walikuwa na afya.

Mvua zilikuwa bado zinanyesha, makaa yalikuwa mabichi na yalilia motoni bila kuwaka. Kazi ya kufua ilipungua, kwani nani anafua nguo zisizokauka? Ikafika mahali maji yakichemka ninachagua: uji au chupa. Nilichagua uji. Asubuhi gapi wengi walikuwa wanaelea juu, mikia imefifia kama nguo zilizopigwa na jua. Kitinda mimba alitia mkono, akashika chupa moja baada ya nyingine, akasema, "Imekufa. Imekufa. Imekufa." Kisha akanitazama nilete nyingine.

Shuleni waliwapa wale wawili wakubwa maziwa ya Nyayo, ya bure kutoka serikalini, na wao walinywa nusu na kumletea mdogo wao nusu, pakiti ikiwa imekunjwa kwenye mfuko wa kaptura. Hata hivyo alikonda. Nilimfunga kanga tumboni ili nisione mbavu. Kila mtu Langas alinisifu. Mama jirani alisema, "Huyu msichana ni chuma." Nilijua kwamba chuma hakiliwi.

Baba mkubwa alikuja mchana, mahindi yakiwa yamevunwa upande wote wa Turbo na malori yakipita yamejaa. Alibeba gunia la viazi begani kutoka stendi. Watoto walikuwa shuleni isipokuwa mdogo, aliyekuwa amelala. Mimi nilikuwa na kichujio mkononi, kwa sababu jike mmoja kati ya waliobaki alikuwa anazaa.

Alikaa kwenye kitanda. Hakusema kitu kuhusu nyoka. Alimtazama kitinda mimba akiwa usingizini, akafunua kanga kidogo, akaifunika tena. Kisha akanitazama mimi.

"Unafanya nini hapo?"

"Nawatoa watoto, Baba."

"Unawapeleka wapi?"

"Upande huu wa kioo."

"Kwa nini usiwaache na mama yao?"

"Wakikaa pamoja hawaishi."

Nilisema hivyo bila kugeuka, kwa sababu mtoto mmoja alikuwa amenaswa kwenye majani. Nilipogeuka nilimkuta ameinama, viwiko juu ya magoti, anatazama sakafu. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Basi umesema mwenyewe, mama," akasema.

Nilisimama na kile kichujio, maji yakidondoka juu ya miguu yangu. Nilitafuta neno, sikulipata. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile, na miaka mingi baadaye nililipata: kwamba mimi niliwatenga katika maji yale yale. Kwamba waliangaliana. Kwamba hakuna niliyempeleka Timboroa, mwingine Nyeri, mwingine Turbo. Lakini hata ningelikuwa na jibu hilo mdomoni siku ile, nyumbani hapakuwa na unga, na yeye alikuwa amekwisha kuona zile mbavu. Jibu zuri halikorogwi likawa uji.

Walikwenda juma lile lile. Nilimwomba baba mkubwa awaache waondoke siku moja, ili asiwepo wa kubaki akiwaona wengine wakienda, na akakubali. Anayenifuata alikataa samaki. "Timboroa watakufa kabla hatujafika," alisema, naye alikuwa tayari anaongea kama mtu mzima. Dada yetu alilia mpaka akatapika. Kitinda mimba alitaka wake. Nikamtilia gapi dume mwenye mkia mwekundu kwenye chupa ndogo, nikamwambia aikumbatie ndani ya sweta, na asiiache ife. Aliikagua kwa kidole.

"Hii bado," akasema.

Kama yule samaki alifika Turbo, sikuambiwa.

Mimi sikuozwa. Nilikataa kuondoka Langas, na mwishowe wakachoka kunitafutia mtu. Nilitaka pawe na mlango wanaoujua. Majirani wengine walijenga nyumba za mawe, wengine wakahama. Mimi niko chumba kile kile, nikifua, nikichemsha maji. Anayenifuata alitoka Timboroa akafuata malori, na habari zake huja kwa midomo ya watu. Dada yetu alikuja mara moja na mumewe, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni, akaniambia, "Tusikusumbue, tunapita tu." Waliposimama aliangalia tangi, akaangalia pembeni.

Kitinda mimba alikuja amevaa suruali ndefu, sauti imevunjika, ametumwa na mdogo wake mama aniletee barua ya mwaliko wa arusi. Mdomo wake ni wa baba kabisa. Alimwita yule wa Turbo mama, na sikushangaa, ndiye aliyemlisha. Mimi aliniita anti. Nilimpa chai, akaishika kwa mikono miwili, akizungusha macho chumbani. Macho yakafika kwenye tangi.

"Anti, hawa wanaliwa?"

"Hapana. Wanaangaliwa tu."

Akasogea karibu, akainama. Wakati ule kulikuwa na jike mwenye doa jeusi upande huu, na kioo cha baba bado kilisimama katikati. Nilingoja. Nilijiambia kwamba mkono hukumbuka hata kichwa kikisahau.

"Na hizi chupa ni za nini?" akauliza.

Nikamweleza, kama ninavyomweleza mtu yeyote, kwamba ni za kupasha maji. Akasema, "Ohoo." Akamaliza chai, akanishika mkono kwa heshima, akaondoka kuwahi gari la Turbo. Nikavua sweta, nikatia mkono majini mpaka kwapani. Chupa ya pembeni ilikuwa imepoa. Nikaitoa, nikaenda kuwasha makaa.