Batri Iliyolala Jikoni kwa Nyanya

Leo asubuhi, hapa Goma, nimezungusha ufunguo na gari langu halikujibu. Unaujua ukimya huo, rafiki yangu. Ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Nimefungua boneti, nikainama juu ya batri, na kabla sijagusa kitu nikasikia harufu ya mafuta ya ng'ombe. Hayakuwapo, bila shaka. Harufu ilitoka mbali, kwenye kilima chetu juu ya Burungu, jikoni kwa nyanya.

Kilima chetu kilikuwa na kamioneti moja tu, kigari cha mizigo, nayo ilikuwa na umri zaidi ya dada yangu mkubwa. Mwenyewe alikuwa jirani yetu aliyefiwa na mke, mtu mrefu wa maneno machache, ambaye sote tulimwita Shofere. Alishusha maharagwe, viazi na jibini sokoni Kitchanga, akarudi na chumvi, sabuni na habari. Kila jioni aliegesha juu ya mteremko, pua ya gari ikitazama bonde, jiwe chini ya gurudumu, ili asubuhi mteremko wenyewe usaidie kuamsha injini. Kisha alifungua batri na kuileta jikoni kwetu, kwa sababu baridi ya milima yetu ya Masisi hunyonya nguvu ya batri kama kupe. Ililala kando ya mafiga, juu ya gunia, mahali ambapo mwana-mbuzi mgonjwa angelazwa. Sisi watoto tulikatazwa kuiruka. Nyanya alizoea kuisemesha. Akikoroga ugali aliiambia isogee kidogo, halafu akasogea yeye.

Nyanya alikuwa na desturi moja ambayo hata padri hakuweza kumwachisha. Mtu wa nyumba yake akitaka kusafiri, alimpaka mafuta ya ng'ombe kwenye paji la uso, kwa kidole gumba, huku akisema Baba Yetu kwa sauti ya chini. "Safari ni ngozi kavu," alikuwa akisema, "usipoipaka, inapasuka."

Sasa fikiria asubuhi ya mtihani wa Serikali wa dada. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika mwaka wa mwisho wa sekondari, na wiki ile malaria ilikuwa imemlaza. Homa ilishuka, lakini miguu yake ilikuwa kama ya ndama aliyezaliwa jana. Kutembea hadi Kitchanga asingeweza, na mvua ilikuwa imegeuza njia kuwa uji, hata pikipiki hazikupanda. Lango la kituo cha mtihani likifungwa, basi, ungoje mwaka mwingine. Na baba alikuwa ameshasema kwamba karo ya mwaka mwingine hataiweza. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya ile kamioneti.

Shofere alikuja kukiwa bado na giza, akachukua batri, akaifunga mahali pake. Vishikio vya nyaya vilikuwa vimelegea kwa uzee, akavikaza kwa kipande cha mpira kama siku zote. Dada alikaa ndani, amejifunika blanketi, midomo ikirudia masomo. Paji lake liling'aa mafuta. Shofere akazungusha ufunguo. Kimya. Akabonyeza honi. Kimya.

Hakushtuka. Alitoa jiwe, na watu waliokuwa wanakwenda mashambani wakaweka majembe chini, wakasukuma. Kamioneti ilishuka mteremko wote, ikapita migomba, ikapita kanisa, ikasimama chini karibu na daraja la miti bila kukohoa hata mara moja. Mama mmoja jirani, mwenye ulimi usiolala, alimwambia Shofere kwamba motokari yake inatembea vizuri, inasumbuliwa tu na yeye mwenye kukaa ndani. Watu walicheka, lakini kicheko kilikufa upesi. Chini pale hapakuwa na mteremko mwingine. Kuirudisha juu katika lile tope hata ng'ombe wasingeweza.

Shofere akaanza kutafuta hitilafu, kama mganga anavyotafuta ugonjwa. Alichomoa mpira wa petroli akanusa, petroli ilikuwepo. Akatoa buji, ile plagi ya kutoa cheche, akaifuta kwa shati lake, akaigusisha kwenye chuma, akamwomba baba azungushe ufunguo. Hakuna cheche. Akatikisa nyaya za batri, akaona zimeshika, akaona na weupe juu ya vichwa vya batri, akadhani ni grisi aliyokuwa akiipaka mwenyewe. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unafunguka juu ya vilima. Ndani ya gari dada alikuwa ameacha kurudia masomo. Machozi yalimtiririka bila sauti, na mimi, niliyekuwa nimemshika mkono, sikujua pa kutazama.

Hapo ndipo tukamwona nyanya akishuka polepole na fimbo yake, kichwani kikapu cha viazi vya moto. Alikaribia kamioneti, akaipapasa, akamuuliza Shofere kwa furaha:

"Papa, yale mafuta nilimupaka jana mangaribi, yalimusaidia?"

Shofere aligeuka taratibu. "Ulipaka nani, Nyanya?"

"Batri. Yeye ndiye anabeba mutoto wetu, haiwezi kwenda kikavu. Nilimupaka kwenye vichwa vyake viwili, muzuri kabisa."

Sote tulielewa kwa pamoja: mafuta mazito, yaliyoganda kwa baridi, yalikuwa yamekaa kati ya batri na nyaya. Hata mama mwenye ulimi alitazama chini. Na Shofere, aliyelowa tope mpaka kiunoni, akampokea nyanya kikapu, akasema:

"Yalimusaidia sana, Nyanya. Yameingia ndani yote. Acha nitoe tu mabaki."

Akaomba kisu cha viazi. Akakwangua vile vichwa mpaka madini ya risasi yakang'aa, akavifuta kwa kitambaa chenye petroli, akapuliza vikakauka, akafunga nyaya. Tukasukuma kidogo pale pale kwenye tambarare. Kamioneti ikakohoa, ikatoa moshi, ikanguruma. Nyanya alitutazama kama mtu anayesema, mliona?

Dada alifika lango likiwa wazi. Leo ni mwalimu huko Pinga.

Tangu siku ile, kabla ya kila safari, Shofere alimwita nyanya aje apake kamioneti. Alimwonyesha katikati ya boneti, akimwambia motokari paji lake iko hapa. Nyanya alifariki akiamini hivyo, na katika kilima kizima hakuna aliyewahi kumwambia vingine, si mlevi, si mtoto. Kisha vita vilitutawanya. Nasikia kamioneti imebaki mifupa tu, na majani yameota mahali ilipokuwa ikiegeshwa. Jiko la nyanya halipo tena. Ila vile watu walivyonyamaza siku ile, wakiwa wamelowa na kuchelewa mashambani, ndivyo vilivyonilea.

Leo nimekwangua vichwa vya batri yangu, vilikuwa na kutu ya kijani, na gari limewaka. Halafu nimeingia ndani, nikachovya kidole gumba katika kopo la mafuta ya ng'ombe, nikapaka katikati ya boneti. Vumbi la Goma limeshaganda pale. Jirani ameniuliza kwa nini siuoshi ule uchafu. Nimemwambia ni mabaki tu, mengine yameshaingia ndani.