Hemis Iliyoliwa Mezani

Dereva wetu hapa Leh, mji wa milimani, hajui kupanga safari bila chai. Kikombe cha chai ya siagi ndicho ziwa Pangong, matunda makavu ya aprikoti ndiyo monasteri, na gari ni kipande cha mkate anachokisukuma kwa kidole chenye grisi, akiunguruma kwa mdomo kila penye mlima. Monasteri huizunguka ikiwa kuliani kwake, kama Wabudha wazungukavyo mahali patakatifu, maana hata mezani adabu ni adabu. Jana alipofika kwenye monasteri ya Hemis, hakuikuta. Bibi Yangdol, aliyeketi nasi mezani na ambaye wanawe wamemkataza safari kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, alikuwa anatafuna.

“Bibi! Umekula Hemis!”

“Si wanangu walisema sitafika?”

Dereva akavua kofia, akainuka, akamzunguka bibi polepole, bibi akiwa kuliani kwake, akiunguruma.