Mtoto Ambaye Hakupiga Chafya

Nilipokuwa mtoto, kulikuwa na mtu mmoja nyumbani kwetu ambaye hatukuruhusiwa kumsemesha. Mtu huyo alikuwa mdogo wangu wa kike.

Alizaliwa mwaka uleule tuliohamia karibu na Cheptiret, upande wa Eldoret. Wazungu walikuwa wanauza mashamba yao na kwenda zao, na baba yangu alijiunga na wanaume wengine kutoka Keiyo wakanunua shamba moja la mahindi na pareto. Ili apate sehemu yake, baba aliuza ng'ombe wetu wote, hata yule aliyekuwa anakamuliwa. Bado haikutosha. Kwa hivyo mama akaenda kuchuma pareto kwa mzungu jirani ambaye hakuwa ameondoka, mimba ikiwa imeshakuwa kubwa. Asubuhi alitoka amekunywa chai ya strungi tu, kwa sababu maziwa hayakuwepo tena. Mimi nilikuwa na umri wa kuanza shule, na ninakumbuka mifupa ya mabega yake ilivyoonekana chini ya nguo. Hakuna aliyeshangaa. Wanawake wengi wa shamba lile walikuwa hivyo mwaka huo.

Mtoto akaja kabla ya wakati wake. Tulikuwa tunaishi katika nyumba ya mbao aliyoiacha mzungu, familia kadhaa pamoja, na chumba chetu kilikuwa kile kilichokuwa stoo ya jikoni. Aliyempokea ni Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikalenjin, mama yake baba. Nilipoitwa nimwone, nilidhani wananionyesha kitu kingine. Alikuwa mdogo kuliko kuku, na ngozi ya uso ilikuwa na mikunjo kama ya mzee. Hakulia. Alitoa sauti nyembamba kama ya paka mchanga, kisha akanyamaza.

Lazima niseme ukweli wote: Kogo ndiye aliyemwokoa. Alimfunga kwa ngozi ya kondoo laini, akamlaza karibu na moto, akawa anamdondoshea maziwa ya mama mdomoni kwa ncha ya kidole, tone kwa tone, mpaka akapata nguvu ya kunyonya. Sijawahi kuona tena subira kama ile. Na ni kwa sababu hiyo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kumpinga kwa yale aliyosema baadaye.

Kwetu, mtoto akizaliwa, wanawake huita majina ya wazee waliokufa, moja baada ya lingine. Mtoto akipiga chafya jina fulani linapotajwa, basi mzee huyo amemkubali. Walipoita kwa ajili ya mdogo wangu, jina lilifuata jina na mtoto akabaki amelala tu. Mwanamke mmoja akamsogezea tumbako puani. Akafungua mdomo kidogo, akaufunga. Leo naelewa kwamba kifua chake hakikuwa na nguvu hata ya kupiga chafya. Siku ile wanawake waliangaliana, wakaanza kukusanya leso zao.

"Hapa ni kwa mzungu," Kogo alisema. "Wazee wetu hawajui njia ya kufika hapa. Hakuna aliyempokea huyu."

"Sasa tufanye nini?" mama akauliza.

"Tungoje. Mpaka tujue anakaa ama anarudi. Mtu asimwite jina. Asimchezeshe, asimsemeshe. Ukisemesha mtu ambaye hajapokelewa, anageuka kuangalia alikotoka. Na hata akikaa, atachelewa kwa kila kitu. Mtaona."

Nadhani alisema hivyo kwa huruma. Alikuwa amezika watoto wake kule bondeni Keiyo tulikotoka, na hakutaka tumzoee huyu halafu tuumie. Lakini huruma yake ilimweka mtoto ndani ya stoo ile kimya kabisa. Alinyonyeshwa, akasafishwa, akafunikwa vizuri, na aliyemshika aliangalia pembeni. Sisi watoto tulipita karibu naye kama watu wanaopita karibu na mgonjwa.

Mama peke yake ndiye aliyekataa, tena kwa siri. Nilijua kwa sababu nilienda naye kupalilia mahindi, mtoto akiwa mgongoni kwake. Tukishafika katikati ya shamba, mahali ambapo nyumba haionekani, alianza kuongea bila kugeuza kichwa. "Jeruto, hii ni jembe. Jeruto, huyo ni ndege, anatafuta mbegu zetu." Jeruto ni jina la msichana aliyezaliwa watu wakiwa safarini. Mama alimpa jina hilo mwenyewe, bila kumwuliza mtu. Wakati huo mtoto alikuwa hajaweza kukaa, ingawa watoto waliozaliwa baada yake walikuwa tayari wanatambaa. Lakini akiongeleshwa, alikuwa anainua kichwa kutoka mgongoni na kutafuta ile sauti inatoka wapi.

Siku moja alicheka. Mama alikuwa ameketi kwenye mtaro akimnyonyesha, akimwambia sijui nini, na mtoto akaachia titi akacheka kwa sauti. Mama akacheka pia, machozi yakimtoka. Hatukumwona Kogo, aliyekuwa amekuja kuokota kuni. Alisimama nyuma yetu akisikiliza lile jina.

Hakugombana. Alisema tu, "Umemwita," akabeba kuni zake akaenda.

Jioni hiyo tulinyeshewa tukirudi, mvua ya baridi ya huku kwetu, na siku zilizofuata Jeruto akashikwa na kifua. Alipumua mbavu zikiingia ndani. Kogo akarudi kwa ngozi yake ya kondoo na kidole chake cha maziwa. Baba alisimama mlangoni akimwangalia mama.

"Umesikia vile mama yangu alisema," alimwambia. "Unataka kuniulia mtoto?"

"Mtoto amenyeshewa na mvua," mama akasema.

"Nyamaza, Mama Jemutai."

Jemutai ni mimi. Na mama akanyamaza. Mtoto alipopona, aliendelea kwenda naye shambani, lakini alilima mstari baada ya mstari bila neno. Nilimwona Jeruto akiinua kichwa na kusubiri. Baada ya muda akaacha kukiinua.

Alichelewa kutembea, akachelewa zaidi kuongea. "Nilisema," Kogo alikuwa akituambia, bila majivuno, kama mtu anayehesabu mvua. Alipopelekwa shule alikuwa mkubwa kuliko wenzake wa darasa na bado hakushika herufi. Mwalimu alimvumilia, kisha baba akamtoa. "Huyu ni wa nyumbani," alisema. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu. Jeruto alichunga ndama, baadaye akapika. Anapika mpaka leo, kwa kaka yetu, kwenye shamba lilelile.

Siku ya mazishi ya baba, watu walisimama mmoja mmoja wakasema alikuwa mzee aliyeona mbali, aliyewanunulia watoto wake ardhi. Jeruto alikuwa nyuma ya jikoni akiosha sufuria za wageni. Hakuna aliyesema kwamba ng'ombe waliouzwa kununua ardhi hiyo ndio waliokuwa chakula cha mama yangu alipokuwa na mimba. Hata mimi nilipopewa nafasi ya kuongea, nilisema alikuwa mzee aliyeona mbali. Ilikuwa kweli.

Miaka mingi baadaye binti yangu alijifungua hapa Eldoret, na mtoto akaja mapema, mdogo mno. Nilimleta Jeruto anisaidie. Muuguzi alituonyesha jinsi ya kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na jinsi ya kumkamulia maziwa. "Na muongee naye," alisema. "Mwimbieni, mwiteni jina. Wengi wao wakishiba na wakiongeleshwa, wanafikia wenzao."

Jeruto alichukua maneno hayo kama kazi aliyoajiriwa. Yeye, ambaye huwa haongei, alimweka yule mtoto kifuani na kumweleza habari za kuku, za moto, za sufuria iliyotoboka. Siku moja akaniuliza, bila kuniangalia:

"Jemutai, na mimi nilizaliwa hivi?"

"Ulikuwa mdogo kuliko huyu."

"Mliongea na mimi?"

"Mama aliongea na wewe."

"Mama peke yake?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Mama peke yake."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa maji yamechemka, akaendelea kumwambia mtoto habari ya kuku.

Sijui ni kiasi gani alichokosa kwa sababu alizaliwa mdogo, ni kiasi gani kwa sababu ya njaa ya mama, na ni kiasi gani kwa sababu ya kile kimya chetu. Sasa hakuna anayeweza kuvitenganisha. Kogo aliogopa kwamba mtoto angekufa, na baba aliogopa kulikosa shamba. Wote wawili walipata walichotaka. Shamba lipo, na Jeruto hakufa.