Kalamu ya Bluu na Meza ya Mlangoni

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote ya madarasa ya jioni, kwamba kalamu ya bluu inaweza kusikia mapigo ya moyo wa anayeishika. Aliyeniambia ni jirani yangu wa meza kiwandani, kijana wa Kisesa ambaye shemeji yake aliuza steshenari, kwa hiyo alikuwa mtaalamu.

"Ukidanganya tu," alisema, "moyo unaruka, kalamu inarekodi, laptopu ya mtafiti inapokea. Umekwisha."

Mimi nikaongeza kwamba bila shaka mtambo umefichwa kwenye kifuniko. Kabla ya chakula cha mchana, kiwanda kizima kilikuwa na habari.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha minofu ya sangara, kando ya ziwa, upande wa Igogo. Tulisimama kwa makundi, kila meza na msimamizi wake, visu vikali kiasi cha kumnyoa nzi akiwa angani, na minofu ya kila mtu ikapimwa kwenye mizani kwa namba ya kisu chake. Meza yetu ilikuwa mlangoni pa chumba cha barafu. Mlango ulipofunguliwa ilitoka baridi ambayo, naapa, ingemfanya kiboko aombe blanketi. Msimamizi wetu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kusikika mpaka Ukerewe. Unamwamkia, "Shikamoo mama," anakujibu, "Marahaba, mdomo unakimbia, kisu kimelala!" Lakini mtu akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, sufuria kichwani.

Kwenye mizani, meza yetu ilikuwa ya mwisho siku zote. Meneja alikuwa ameshasema wazi: tatizo ni yule mama, watu wake hawampendi, atatolewa kwenye usimamizi na kupelekwa kufagia magamba. Wakati huohuo akaja dada mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu, aliyechunguza jinsi watu wanavyojisikia kazini. Meneja akasema atasubiri majibu ya huyo dada, ndipo aamue. Dada akagawa madodoso, kila mtu na kalamu yake ya bluu. Juu ya karatasi unaandika namba ya kisu, jina hapana. Kila swali unalipatia alama, kuanzia moja mpaka tano.

Tukafanya kikao kwa mama ntilie.

"Wote tano," akasema kijana wa Kisesa. "Mama anatusikiliza? Tano. Mama ana haki? Tano. Asiyeandika tano asije kunisalimia."

"Na kalamu?" nikauliza.

"Kalamu tunaidanganya. Ukiandika, fikiria kitu unachokipenda. Moyo unatulia wenyewe."

Kwetu Usukumani watu hulima shamba la mwenzao pamoja, majembe yakipanda na kushuka kwa ngoma moja. Hatukuona kwa nini dodoso liwe tofauti na shamba. Nikafikiria sato wa kuchoma na ugali wa muhogo, nikaandika tano mpaka mwisho wa karatasi, mate yakinijaa mdomoni.

Wiki iliyofuata dada akarudi, akaja moja kwa moja mezani kwetu.

"Jamani," akasema kwa upole, "hapa mko wengi, lakini kwenye kompyuta yangu amefika mtu mmoja."

Kijana wa Kisesa akaninong'oneza, "Si nilikwambia? Kalamu hiyo!"

Dada akatueleza. Watu wa meza moja lazima wafanane kidogo, kwa sababu wanapigwa na baridi moja na kugombezwa na mtu mmoja. Hesabu yake inalijua hilo na inaliwekea nafasi. "Lakini nataka kujua kipi kinatoka kwa mtu, kipi kinatoka kwa meza, kipi kinatoka kwa kiwanda. Mkijibu wote sawasawa, siwezi kuvitenganisha. Sauti zenu zote zinakuwa moja, na hiyo moja haitamsaidia mtu."

Hakumtaja mama. Sote tulimtazama mama.

Shule ya jioni ilikuwa imenifikisha kwenye wastani, nikadhani hesabu inaishia hapo kama barabara inavyoishia ziwani. Kumbe kuna ng'ambo! Nikakumbuka utotoni mwaloni, mitumbwi inapoteremsha samaki, tulivyopasua sangara tukakuta ndani yake sangara mdogo, na ndani ya yule mdogo, dagaa. Mtu ndani ya meza, meza ndani ya zamu, zamu ndani ya kiwanda, na dada huyu ana kisu cha namba cha kuwatoa mmoja mmoja bila kuchana utumbo. Nilimtazama kama mtu aliyevuka ziwa kwa miguu.

Mara ya pili, kwa madodoso mapya, tuliandikia nyuma ya kiwanda, kila mtu kwenye jiwe lake, mijusi wenye vichwa vyekundu wakitusimamia. Nilishika kalamu kama nimeshika nyoka. Sato sikumfikiria. Kusikiliza: mbili, maana yule mama hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi. Haki: tano, na hiyo hakunipangia mtu. Moyo ulinidunda mpaka nikangoja kalamu ipasuke.

Siku ya majibu tulijaa kantini, meneja mbele, mama nyuma kabisa, mikono kifuani. Dada hakusoma jibu la mtu yeyote.

"Meza ya mlangoni hawakubaliani kuhusu msimamizi wao," alianza. Mama akainamisha kichwa. "Wapo wanaompenda, wapo wanaomlalamikia, kama meza nyingine zote. Ila nimelinganisha na mizani: wanaomlalamikia si wazito wa kukata kuliko wanaompenda. Wote wanakata polepole vilevile. Na zamu ya usiku, mezani palepale, kuna msimamizi mwingine, mpole, hapigi kelele. Nao ni wa mwisho."

Meneja akageuka kumtazama mama.

"Kwa hiyo si huyu mama?" meneja akauliza.

"Namba zangu haziapi, meneja. Lakini uzito huo wa kukata unaonekana kutoka kwenye meza zaidi ya kutoka kwa mtu. Kabla hamjamhamisha mama, jaribuni kuhamisha meza."

Wakaihamishia dirishani. Vidole vyetu vikafufuka, na baada ya muda tulikata minofu kwa kasi ambayo nadhani sangara walianza kuhama kwenda Uganda. Mama akabaki msimamizi. Shukrani yake tuliipata asubuhi ya kwanza: "Mdomo unakimbia, kisu kimelala!" Siku hiyo nilipiga kisu huku nacheka.

Dada alipokuja kuaga, nikamkabidhi kalamu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nakurudishia mtambo wako. Umetuokolea mama."

"Mtambo gani?"

Nikamweleza yote: mapigo ya moyo, kifuniko, laptopu. Akaigeuza kalamu, akanitazama.

"Kaka, hii ni kalamu ya kawaida. Nilinunua boksi zima dukani Igoma. Baki nayo tu."