Kadi za Gvozden

Gvozden Tatarević ana urefu wa mita mbili na sentimita nane, na ukiniuliza mimi Stamena, zile sentimita nane za juu ni tupu. Nina haki ya kumsema. Bustani yao na yangu zimetenganishwa na ukuta mmoja, na mama yake alipofariki mimi ndiye niliyeshika kazi ya kuwaokea mkate wa Mtakatifu Nikola, msimamizi wa nyumba yao, kila Desemba kumi na tisa.

Alikulia hapa hapa kando ya mto Morava. Akiwa na miaka kumi na minne alikuwa akiinama kila mlango. Kocha wa mpira wa kikapu wa mji wetu, bwana aliyefundisha kwenye ukumbi unaovuja hata wachezaji wakawa wanakwepa ndoo, alituapia kwamba kijana huyu atatufikisha mbali. Mbali alifika, tena peke yake. Belgrade walimchukua akiwa na miaka kumi na tisa, na huko alifanya jambo moja la kukumbukwa: sekunde ya mwisho mpira ulimgonga begani, ukaingia kikapuni. Ulimgonga, nasema! Sote tuliona kwenye televisheni. Magazeti yakaandika eti ni kipaji.

Bega hilo lilimlisha miaka kumi na sita. Ugiriki, Uturuki, Polandi, Saiprasi, Lebanoni, halafu miji ambayo baba yake, mzee Ljubivoje, aliitafuta kwenye ramani kwa kioo cha kukuzia. Timu kumi na nne, na kote alikuwa mchezaji wa benchi. Mzee alifunga dishi juu ya paa ili amwone mwanawe, nasi majirani tukajazana sebuleni kwake. Kamera ikapita pembeni mwa uwanja, na huyo hapo, taulo shingoni, magoti yamefika kidevuni, anawapigia wenzake makofi.

"Amekaa vizuri," mzee akasema.

"Amekaa kweli, Ljubivoje," nikamjibu. "Kwa kukaa hana mpinzani."

Kila mwaka sikukuu ya nyumba yao, siku ya Nikola, ilikuja na kupita bila yeye. Alituma jezi. Mwaka huu ya njano, mwaka ule ya kijani, zote zimetiwa sahihi, kana kwamba baba mtu hajui mwanawe anaitwa nani. Mzee alipokea wageni mwenyewe, amesimama tangu asubuhi, kwa maana mwenye nyumba siku hiyo haketi: anamimina rakia, pombe yetu kali ya matunda, anaongeza samaki, anaondoa sahani. Jioni miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kumvua viatu kulitaka watu wawili.

Mwaka jana Gvozden akarudi. Goti limekufa na hakuna timu inayomtaka, hata za kule ambako ramani haifiki. Mzee, ambaye moyo wake nao ulishachoka, akamwambia jikoni mbele yangu:

"Mwaka huu mshumaa wa sikukuu naukabidhi kwako. Ukiushika na nyumba ina watu, sikukuu ni yako na ya watoto wako. Nyumba ikiwa tupu, nitauzima kwa mkono wangu, na hautawashwa tena."

"Baba, niachie mimi," akasema Gvozden, akijipiga kifua. "Watu watafika mpaka barabarani."

Wiki moja kabla ya sikukuu, mtu wa posta akaniletea kadi. Karatasi nzito inayong'aa, picha ya Gvozden yuko hewani na mpira. Sijui waliipiga lini, labda alikuwa anaruka dimbwi. Chini yake: familia ya Tatarević ina heshima kukualika, saa saba mchana kamili, tafadhali thibitisha kwa simu. Kadi mia na ishirini, mji mzima.

Sasa huo ni upumbavu wa kiwango gani? Mtoto wa kunyonya hapa kwetu anajua kwamba sikukuu ya nyumba haina mwaliko. Anayejua njia anakuja. Ukimwalika mtu, umemwambia kwamba miaka yote aliyokuja alikuwa anadoea.

Radisav fundi viatu, aliyekuwa akiingia nyumba ile miaka arobaini bila kubisha, alinijia ameishika kadi kwa ncha za vidole.

"Stamena, mimi nithibitishe? Kwa simu? Kwa Ljubivoje?"

"Thibitisha, na usichelewe. Saa saba kamili."

"Mimi niliyembeba mtoto yule mabegani!"

"Ulimbeba lini? Yule tangu azaliwe miguu inagusa chini."

"Usinitanie, mwanamke wewe. Siendi ng'o!"

Ningeweza kumwambia Gvozden kupitia juu ya ukuta wetu, kwa sentensi moja tu. Sikumwambia. Nilitaka kuona atafanyaje.

Siku yenyewe nilipeleka mkate asubuhi, nikadai nina chungu jikoni, nikarudi kujibanza nyuma ya pazia. Gvozden alisimama langoni kwenye theluji, suti na tai. Saa saba ikafika. Saa saba na nusu. Barabara tupu, ila mapazia yote yanatikisika, la Radisav likizidi. Saa nane akaketi kwenye benchi la langoni, viwiko juu ya magoti.

"Huyo! Amerudi kazini!" nikacheka peke yangu kwa sauti.

Mzee Ljubivoje akatoka bila kofia. Nikafungua dirisha kidogo nisikie.

"Unangoja nini hapa?"

"Wageni, Baba. Nimewaalika wote. Nimewatumia kadi."

Mzee hakuwa na habari ya kadi. "Mwanangu, watu hawaalikwi."

"Nitajuaje, Baba? Miaka kumi na sita sikuinuka hata siku moja mpaka niitwe. Nilidhani kila mtu anangoja aitwe."

"Basi naenda kuuzima," akasema mzee, akaingia ndani.

Nikaacha kucheka. Yule mpumbavu alikuwa hajui. Mimi nilikuwa najua. Mpumbavu mkubwa alikuwa nani? Nikaitupa kadi yangu ndani ya jiko, nikatoka na ndara na aproni yangu, nikampita langoni.

"Shangazi Stamena! Karibu, keti hapa..."

"Kadi sijaiona. Nimekuja kwa sababu leo ni Nikola. Na wewe inuka, leo hukai!"

Ndani, mzee alikuwa ameshainua glasi ya divai juu ya mwali wa mshumaa, maana kwetu mshumaa huo huzimwa kwa divai.

"Ljubivoje, una mgeni!"

Akanitazama, akatazama ndara zangu zilizojaa theluji, akaiteremsha glasi.

"Mmoja," akasema.

"Mmoja ni mgeni au si mgeni?"

Aliutoa mshumaa kwenye kinara, akautia mkononi mwa mwanawe.

Tuliuzungusha mkate mikononi sisi watatu, kama ilivyo desturi, tukaumega. Kisha nikakaa kwenye meza ya viti thelathini nikamtumikisha Gvozden: chumvi, samaki, maharage, rakia, glasi nyingine, hii ina alama za vidole. Makusudi kabisa. Goti lilikuwa likimlia kila hatua, jasho likamlowesha ile tai. Mara mbili nilimwona akikitazama kiti.

Nilikaa mpaka mshumaa ukaisha, na hakuketi.