Siku Niliyonaswa Dirishani Katikati ya Somo la Kiingereza

Mvua ikinyesha hapa Nyamira mjini na upepo ukiisukuma hadi madirishani, vyuma hutoa harufu ya kutu iliyolowa, imechanganyika na rangi ya zamani. Wengine labda hukumbuka lango la kwao. Mimi hurudi moja kwa moja Gesima, darasa la sita, kichwa changu kikiwa nje ya dirisha na mwili wote uliobaki ukiwa ndani.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mama alikuwa amekaa hospitalini muda niliouona mrefu kuliko muhula mzima. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, na mama akakataa kurudi nyumbani bila yeye. Shangazi Kemunto, dada yake baba, ndiye aliyekuja kukaa nasi. Alipika ugali mgumu kama tofali, na akikusuka nywele anavuta hadi macho yanapanda juu. Kila tulipomuuliza mama anarudi lini, alitujibu, "Akiachiliwa." Basi nikajua hospitali ni aina ya jela, ila askari wake huvaa nguo nyeupe.

Asubuhi moja Shangazi alitoka mapema bila kusema anakwenda wapi. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, na haikuwa Sabato. Nilikwenda shule nikiwa na viatu vile kichwani.

Somo la pili lilikuwa Kiingereza. Madam Nyaboke alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kwaya, na hakuna aliyesinzia akifundisha. Siku hiyo aliandika ubaoni: "The prisoner was set free." Mfungwa aliachwa huru. Akapigia mstari neno la mwisho.

Onchari, aliyeketi nyuma yangu, aliinua mkono. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumefundishwa kubandika "ly" kwenye maneno, naye tangu hapo alikuwa akiibandika kila mahali.

"Madam, si ni freely? Was set freely."

"Yaya, hapana," Madam akasema, kwani Kiingereza kikimshinda mtu alirudi kidogo kwa lugha ya nyumbani. "Hapo ungekuwa unatuambia alifanyiwa hicho kitendo kwa namna gani. Sisi tunataka kujua yeye mwenyewe amekuwaje kitendo kikishaisha. Amekuwa free. Yuko nje, anapigwa na jua."

"Na nani alimfungulia?"

"Sentensi haisemi. Labda jaji, labda mke wake alilia mpaka wakachoka. Kwenye passive, mwenye kutenda anaweza kukaa kimya."

Akaandika ya pili: "The bull was let loose." Ng'ombe dume alifunguliwa akaachwa ajiendee. Darasa likacheka, maana kila mmoja wetu alimjua dume mmoja wa namna hiyo kijijini kwao.

Hapo ndipo niliposikia sauti ya Shangazi Kemunto kwenye njia ya chini, ile inayopita kando ya mashamba ya chai. Dawati langu lilikuwa dirishani, na dirisha halikuwa na kioo, ni vyuma tu vya kusimama wima. Sikufikiri. Nilipenyeza kichwa.

Kiliingia kwa urahisi wa ajabu. Nikamwona Shangazi na mkoba, na nyuma yake mama, amekonda, anatembea polepole kama aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Kifuani alikuwa na shali nyeupe iliyofungwa ikafungwa tena.

"Mama!" nikapiga kelele.

Aligeuka. Nilitaka kurudisha kichwa nikimbilie mlangoni. Kichwa kikakataa. Masikio, yaliyokunjika vizuri wakati wa kuingia, sasa yalisimama kama mabawa ya kuku.

Madam Nyaboke alinishika kiuno akavuta. Shangazi, aliyekuwa amefika kwa nje, alinisukuma paji la uso.

"Moraa was pulled!" Onchari akatangaza.

"Pulled, halafu?" Madam akauliza huku akihema. Alikuwa mwalimu hata akiwa hana pumzi.

"Halafu bado, Madam."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Wakanigeuza shingo kushoto na kulia. "Was twisted! Bado!" Ikaletwa sabuni ya kufulia na maji ya baridi, povu likaniingia machoni. "Was soaped! Bado!" Sasa darasa zima lilikuwa likiitikia kwa pamoja, "Bado!" Mwalimu mkuu akafika, akanitazama kwa ndani, akazunguka akanitazama kwa nje, kisha akaagiza mtu aende sokoni akaite fundi aje na msumeno wa chuma.

Mimi nilisikia neno msumeno tu. Nikadhani ni wa shingo. Nikalia kilio ambacho nasikia kilifika hadi kwenye kituo cha kununulia majani chai.

Mama alikuwa bado amesimama njiani, hajasogea. Kisha akapanda ule mteremko mpaka dirishani, akanikazia macho: povu, kamasi, masikio mekundu. Midomo yake ikaanza kutetemeka. Nilidhani naye atalia. Badala yake alicheka. Alicheka akainama, akacheka hadi Shangazi akamshika mkono asianguke na mtoto, akawa anajipangusa machozi kwa ncha ya shali.

"Omwana one, mwanangu," akasema alipoweza, "hivi ndivyo unavyonipokea?"

Akafunua shali, akamleta mtoto karibu na uso wangu. "Msalimie ndugu yako."

Alikuwa na uso wa mzee aliyeamshwa vibaya. Akafungua jicho moja, akaniangalia, akapiga chafya. Nikasahau kulia. Watu wengi humwona ndugu yao mara ya kwanza wakiwa wamekaa kitandani. Mimi nilimwona nikiwa kati ya vyuma viwili, na hakuna aliyewahi kunipendeza kama yule.

Mama alimkabidhi Shangazi mtoto, akatoa mkobani kikopo cha mafuta mazito ya mtoto, akanipaka nyuma ya masikio taratibu. Akakunja sikio moja kwa vidole, akaniambia nigeuze uso kama anayetazama upande wa Birongo, na nisipumue. Kisha akasema, "Bono, sasa, vuta."

Nilitoka kwa kishindo, nikamwangukia Madam Nyaboke, sote wawili chini kwenye vumbi la chaki.

Alinyanyuka, akajikung'uta, akaenda ubaoni. "Haya. Moraa was oiled and..."

"Released free!" Onchari akajibu.

"Hapana. Released tayari ina free ndani yake. Utatia sukari chai mara mbili? Was pulled free. Kuvutwa ndicho tulichomfanyia, free ndiyo hali yake sasa. Mara ya kwanza tulivuta, na free haikuja. Mmeiona tofauti kwa macho yenu." Kisha akanigeukia: "Na wewe bado umesimama hapa unangoja nini? Nenda kwa mama yako."

Sikupitia dirishani.

Ndugu yangu sasa ana urefu wa kuinama mlangoni, na kwa miaka mingi nimeisimulia hadithi hii kama kichekesho cha masikio yangu. Lakini juzi juzi, tukichambua maharagwe uani kwake, mama aliniambia jambo. Kabla ya huyo kulikuwa na mwingine, nami nilikuwa mdogo mno kuambiwa. Hospitali ilimwachilia mama, akarudi mikono mitupu. Kwa hiyo safari ile ya pili, tangu kwenye lango la hospitali mpaka Gesima, hakuthubutu kumtazama mtoto usoni. Hakuwa amempa jina. Aliogopa kufurahi.

"Daktari alikuwa ameniruhusu tangu asubuhi," akasema, akipepeta makapi. "Lakini mimi nilitoka hospitalini pale dirishani, nilipokucheka."