Kikombe cha Rahma

Ile nyumba ya mzungu wa shamba hapa Kisarawe inanuka. Semeni mnavyotaka huko mitandaoni, inanuka mavi ya popo, na siku hizi inanuka na mikojo ya wageni. Paa limebonyea, ngazi zimeoza, kuta zinatoka majimaji meusi. Hashiru wa Tangini, Kibaha, huleta watu kwa basi dogo waje watishike, ati "jumba la mizimu". Mizimu gani? Sisi tumekua tukiokota kuni humo.

Jirani yangu Nuria anakaa nyuma yake tu. Maisha yake yote yako pale: mihogo, kuku, mume aliyetangulia, na kaburi la Rahma, mwanawe wa pekee, aliyechukuliwa na homa bado mdogo. Juu ya kaburi Nuria aliweka kikombe cha bati alichokuwa akinywea uji yule mtoto. Alikitoboa chini, kama tunavyofanya sisi Wazaramo kwa vyombo vya marehemu, ili aliye hai asikitumie tena. Kila Alhamisi hupalilia pale na kukipangusa vumbi. Picha ya mtoto hana. Ana kikombe.

Sasa sikia uchafu wa Hashiru. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wageni kwamba mchawi wa jumba alikuwa akinywea damu kikombe kile. Damu! Mzaliwa wa Mlandizi huyo, Mzaramo mwenzetu, kaburi la mama yake mzazi lina bakuli na sahani zake, anajua fika! Wageni wakapiga mayowe, wakapiga picha, wakatupa mifupa ya kuku kwenye mihogo. Walipoondoka, kikombe hakipo.

Nuria alimpigia simu. Hashiru akacheka. "Mama, tulia, nitakuletea kingine kizuri." Na kweli safari iliyofuata alikuja nacho, kipya, kina maua, hata kukitoboa hakukitoboa. Akakibwaga juu ya kaburi, akaenda kuwapanga wageni wake na kuwasimulia yaleyale ya mchawi na kikombe. Kinyaa kitupu.

Nuria hakugomba. Alikiokota, akachota maji mtungini, akampelekea mbele ya watu wote.

"Jua kali, mwanangu. Kunywa."

Hashiru akarudi nyuma. "Hapana mama, asante."

"Kunywa bwana. Si kikombe tu?"

"Mama, hicho si cha kunywea."

"Kwa nini?" akauliza dada mmoja mwenye miwani.

Nuria hakuushusha mkono. "Mwambie."

"Kimetoka kwenye kaburi la mwanawe," Hashiru akasema kwa sauti ndogo.

"Si ulituambia ni cha mchawi?" akasema yule dada.

Wageni walirudi kwenye basi bila kuingia jumbani.

Siku chache baadaye Hashiru alikuja na bodaboda, shikamoo yake hata haisikiki, akamkabidhi Nuria kikombe cha Rahma. Yule mgeni aliyekichukua alikuwa akikung'utia humo majivu ya sigara. Na lile tundu, ili majivu yasivuje, alikuwa ameliziba kwa chingamu iliyotafunwa, alama za meno zinaonekana. Astaghfirullah, uchafu gani huu! Nikamwambia Nuria anipe mimi nikisafishe.

Akakataa. Aliketi kizingitini, akaanza kuikwangua chingamu kwa ukucha wake.

"Rahma alikuwa hanywi kwenye kikombe kichafu," akasema.